Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri: wajawazito wanacheleweshwa kliniki

Kwa: Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya

Nakala: Mganga Mkuu wa Wilaya, Mwenyekiti wa Halmashauri, madiwani wote kupitia Kamati ya Elimu, Afya na Maji

YAH: VIZUIZI VINAVYOWACHELEWESHA WAJAWAZITO KUANZA KLINIKI

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunaokuandikia ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wakunga wastaafu na wajumbe wa kamati za usimamizi za zahanati na vituo vya afya vya wilaya hii. Haya yote tumeshayasema ndani: kwenye vikao vya kamati za vituo, kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, na kwa barua zilizogongwa mhuri wa kupokelewa katika masjala yako. Tulijibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi. Mimba nayo inakua kila wiki, na aliyekuwa na miezi miwili tulipoandika mara ya mwisho ameshajifungua. Ndiyo sababu tunaandika hadharani, kwa heshima ile ile tuliyokuwa nayo ndani.

Kila taarifa ya robo mwaka inayosomwa mbele ya madiwani inasema wajawazito wanachelewa kuanza kliniki kwa sababu ya "uelewa mdogo wa jamii" na "mila potofu". Tunapinga maelezo hayo. Mila zipo, na tutazigusa. Lakini sehemu kubwa ya ucheleweshaji inatengenezwa kwenye vituo vyetu wenyewe, kwa taratibu ambazo ofisi yako inaweza kuzibadilisha kwa waraka wa ukurasa mmoja.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu kinachopotea. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipandisha idadi ya mahudhurio kutoka 4 hadi 8: la kwanza ndani ya wiki 12 za mwanzo, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kwamba takriban theluthi moja tu ya wajawazito nchini Tanzania walianza kliniki ndani ya miezi mitatu ya kwanza, na waliofikisha angalau mahudhurio 4 walikuwa kama 65 kati ya 100.

Chukueni mfano wa vidonge vya SP vya kuzuia malaria. Mama humeza vidonge 3 kwa mkupuo mbele ya nesi, kuanzia mimba ikivuka miezi mitatu, na kati ya dozi na dozi lazima upite angalau mwezi mmoja. Aliyeanza wiki ya 14 ana nafasi ya kupata dozi 6 kufikia wiki ya 36. Aliyeanza wiki ya 28 ana nafasi ya 3, tena kama hakuna siku hata moja aliyokuta dawa zimekwisha. Kaswende nayo hutibiwa kwa sindano ya penisilini ya benzathini, yuniti milioni 2.4, lakini ikichomwa mwezi wa mwisho huenda mtoto ameshaathirika au ameshafia tumboni. Damu pungufu inayogunduliwa mapema hurekebishwa kwa vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi vya kila siku, kwa miezi. Ikigunduliwa wiki ya 36 ikiwa chini ya gramu 7 za himoglobini kwa desilita, vidonge havina tena muda wa kufanya kazi, na familia inaanza kutafuta watu wa kuchangia damu.

Kero zetu ni hizi.

1. Mama anayewahi anarudishwa nyumbani.

Hili tunaliweka mbele kwa sababu halimo kwenye taarifa yoyote. Mama anafika zahanati akiwa na wiki 8. Nesi anampapasa tumbo na hashiki kitu, kwa kuwa kabla ya wiki ya 12 hivi kizazi bado kimejificha ndani ya nyonga. Njia ya kuthibitisha ni kipimo cha mimba cha mkojo, na zahanati haina. Nesi hawezi kumwandika kwenye kitabu cha MTUHA namba 6, yaani rejesta ya wajawazito, mtu ambaye hajui kama ana mimba. Anamwambia: "Bado changa, rudi mwezi wa nne." Mama akirudi ni mwezi wa sita, kwa sababu katikati kulikuwa na palizi au mvua, au nauli haikupatikana. Siku hiyo ndiyo anaandikwa kwa mara ya kwanza, wiki 24, na kitabu kinamhesabu kuwa amechelewa. Siku aliyowahi haikuandikwa popote.

Huku mitaani watu wengi wanaamini mimba changa haitangazwi, kwa hofu ya husuda na ya kuharibika. Mwanamke aliyeishinda hofu hiyo akaenda kliniki mapema, kisha akarudishwa, anakwenda kuwaambia wenzake kisimani kwamba kwenda mapema ni kujisumbua. Elimu tunayoitoa nyumba kwa nyumba haina nguvu mbele ya neno lake, maana anasema kweli. Na bei ya kipimo kimoja cha mkojo dukani ni ndogo kuliko nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi katika vijiji vingi vya wilaya hii.

2. Sharti la kuja na mwenza.

Nia ya kumwalika mwenza ni njema na tunaiunga mkono: wapime wote VVU na kaswende, wapange pamoja pa kujifungulia, usafiri na fedha ya akiba. Mwaliko huo kwenye vituo vyetu umegeuka kuwa kizingiti. Mwenye mume anaanza kuhudumiwa; asiye naye anakaa hadi mwisho wa foleni, au anatumwa kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji akalete barua ya kueleza kwa nini yuko peke yake. Mtendaji yuko kwenye kikao wilayani. Kesho yake yupo, lakini anaomba hela ya karatasi. Keshokutwa siyo siku ya kliniki.

Wanaoumia ni wale ambao wangepaswa kushikwa mkono kwanza: aliyetelekezwa baada ya kusema ana mimba, mjane, mwenye mume aliye kwenye machimbo au kambi ya uvuvi kwa miezi, na anayepigwa nyumbani. Wapo wanaomwomba shemeji au dereva wa bodaboda asimame kama mume ili wapate huduma. Anapimwa huyo, majibu yake yanaandikwa kwenye kadi, na kituo kinahesabu kuwa wenza wamepimwa. Baba halisi hajapimwa, na mama hajalindwa.

3. Siku ya wanaoanza ni moja kwa wiki.

Zahanati nyingi zimetenga siku moja ya hudhurio la kwanza. Wanaofika baada ya somo la asubuhi wanaambiwa wamechelewa. Aliyetembea saa mbili na nusu na kufika saa nne anarudi bila hata kupimwa presha. Tunaelewa kwamba hudhurio la kwanza linachukua muda na kwamba nesi ni mmoja. Basi siku hiyo iwe ya kupanga kazi, isiwe ya kufukuza watu.

4. Mama amefika, lakini hapimwi.

Hapa tunaomba uvumilivu wako, maana ndipo penye mengi.

Mashine ndogo ya kupimia wingi wa damu ipo katika vituo vingi. Kinachokosekana ni vile vibao vya plastiki vya kuwekea tone la damu, ambavyo hutumika mara moja na kutupwa. Kichupa chake kikishafunguliwa kina muda wake wa miezi michache, na unyevu ukiingia majibu hayaaminiki. Vikiisha, mashine inafungiwa kabatini na nesi anashusha kope la mama, anaangalia wekundu na kuandika "damu ipo". Kwa macho unaweza kumkamata mwenye damu ya 5. Mwenye 8 au 9 atapita, naye ndiye ambaye vidonge vingemfaa.

Vijiti vya kupimia mkojo vina hadithi hiyo hiyo. Kichupa kikiachwa wazi mezani wakati wa joto na unyevunyevu, rangi zinaharibika kabla tarehe ya mwisho haijafika. Bila kijiti hakuna anayejua kama mkojo una protini, na bila kujua hali ya protini presha ya 140/90 inabaki namba isiyo na maelezo. Mashine za presha nazo: betri zinakwisha na hakuna fungu la kununua nyingine; kitambaa cha mkononi ni cha saizi moja, na kikimbana mama mwenye mkono mnene kinatoa presha ya juu isiyo ya kweli. Matokeo yake wauguzi wamejizoeza kutoiamini mashine, na siku presha ya kweli inapopanda wanaipuuza. Kifafa cha mimba hupita mlango huo.

Vitendanishi vya VVU kwa kawaida vipo, kwa kuwa vinakuja kwa mkondo wa mpango wake. Vibao vya damu na vijiti vya mkojo vinategemea kituo kuagiza chenyewe, na agizo ndiko linakokwama. Kituo kinaagiza Bohari ya Dawa. Bohari ikikosa inatoa taarifa ya kukosekana. Ndipo kituo kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri wa mkoa, yaani muuzaji binafsi aliyeidhinishwa. Maombi ya kwenda kwa mshitiri yanakaa wilayani yakisubiri saini hadi robo inakwisha, huku fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zimelala kwenye akaunti ya kituo. Kisha tunaulizwa kwenye ukaguzi kwa nini fedha hazikutumika.

Mama aliyekuja mara mbili akapewa somo, akaandikiwa tarehe na kurudi bila kupimwa chochote haoni sababu ya kuja mara ya tatu. Tukiitwa kumfuatilia nyumbani kama "mtoro", hatuna cha kumwambia.

5. Huduma ni bure kwenye bango.

Msamaha wa wajawazito umo katika sera ya nchi na umebandikwa ukutani. Dirishani mambo ni mengine. Kadi zikiisha mama anaambiwa anunue daftari. Kipimo cha ultrasaundi, ambacho mwongozo unashauri kifanyike mara moja kabla ya wiki ya 24 ili umri wa mimba ujulikane vizuri, kinalipiwa taslimu kituo cha afya. Na kwenye hudhurio la kwanza kabisa anatajiwa orodha ya kuja nayo siku ya kujifungua: glavu, mpira wa kulalia, pamba, nyembe, vibanio vya kitovu, dripu. Asiye na uwezo wa kuvipata anaona aibu kurudi akiwa hajanunua hata kimoja, na kuna vituo ambako anaulizwa kila hudhurio, mbele ya wenzake, amefikia wapi.

6. Wasichana.

Tangu marekebisho ya sheria ya elimu ya mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Hatuipingi sheria hiyo. Tunasema tu kwamba swali "baba wa mtoto ni nani?" linapoulizwa kwa sauti kwenye benchi, binti anajua jibu lake linaweza kumpeleka mtu gerezani, na mara nyingi mtu huyo ni ndugu au jirani anayeilisha familia. Anakimbia, na anaonekana tena siku ya uchungu. Mimba ya kwanza ya binti mdogo ndiyo yenye hatari kubwa ya kifafa cha mimba. Aidha, tangu Novemba 2021 mwanafunzi aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni. Wapo wauguzi ambao hadi leo wanawaambia mabinti kwamba masomo ndiyo basi.

7. Faini kwa waliozalia nyumbani.

Baadhi ya vijiji vinatoza. Aliyetozwa anaficha mtoto, mtoto anakosa chanjo, na mimba inayofuata mama haonekani kliniki kabisa. Faini hizo zifutwe.

Sasa tunajua majibu yatakayotolewa, maana tumeshayasikia.

Mtasema watumishi ni wachache. Ni kweli, na wauguzi wengi tunaowazungumzia wanafanya kazi ya watu watatu. Wengine walilala leba usiku na asubuhi wakafungua kliniki. Hakuna kero hapa tuliyoiandika kumshtaki nesi. Lakini kumrudisha mama na kumhudumia mara mbili kunakula muda zaidi kuliko kumpima siku ile ile, na kuandika barua ya mwenza hakuhitaji mkunga, kunahitaji kuachwa.

Mtasema vifo vimepungua. Vimepungua kitaifa, kutoka makadirio ya 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022, na kazi kubwa imefanyika. Mtataja pia mfumo wa m-mama na namba 115 ya usafiri wa dharura. Tunautumia na umeokoa watu. Ila gari hilo linamfuata mama ambaye ameshaanza kudegedega au kuvuja damu, wakati kliniki yenye kijiti cha mkojo na mashine ya presha inayofanya kazi ingemwona wiki tatu kabla.

Mtasema bajeti ya mwaka imeshapitishwa. Zaidi ya nusu ya tunayoyaomba hayana gharama. Yaliyobaki yanaweza kununuliwa kwa fedha ambazo zimeshafika kwenye akaunti za vituo.

Mtasema vijiji viko mbali na zahanati bado hazijajengwa. Kujenga kunachukua miaka, na tangu Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi uanze mwaka 2007 tumekuwa tukisubiri zahanati kila kijiji. Wakati tunasubiri, pikipiki ya huduma ya mkoba inafika vitongoji hivyo hivyo kila mwezi ikiwa na kisanduku baridi cha chanjo. Nesi anamchanja mtoto wa mwanamke ambaye ana mimba nyingine ya miezi minne, na hawezi kumpima kwa sababu mkoba hauna kitu. Futi kamba, fetoskopu, mashine ya presha, vijiti, vipimo vya malaria na vya VVU na kaswende, SP na vidonge vya damu vinaenea kwenye begi moja la mgongoni.

Tunaomba yafuatayo, na tunaomba yaandikwe, yasiishie kusemwa kikaoni:

(a) Waraka kwa waganga wafawidhi wote kwamba hakuna mjamzito atakayerudishwa kwa sababu ya uchanga wa mimba, kukosa mwenza, kukosa barua au kufika siku isiyo yake. Barua za watendaji kuhusu mwenza zikome siku hiyo hiyo.

(b) Vipimo vya mimba vya mkojo viingizwe kwenye maagizo ya kila zahanati. Aliyethibitishwa aandikwe na kupewa kadi papo hapo, apimwe damu na mkojo, apewe vidonge vya damu. SP isubiri umri wake; mengine hayana sababu ya kusubiri.

(c) Kila kituo kiwe na daftari la waliofika wasihudumiwe, lenye tarehe, umri wa mimba na sababu. Lisomwe kwenye kamati ya kituo kila mwezi na mbele ya madiwani kila robo, kando ya takwimu za kitabu namba 6.

(d) Maombi ya kununua kwa mshitiri yajibiwe ndani ya siku 7 za kazi. Yakikataliwa, sababu iandikwe. Betri na vitambaa vya presha vya saizi mbili viingizwe kwenye mpango wa kila kituo.

(e) Mkoba wa chanjo ubebe pia vifaa vya wajawazito tulivyovitaja, tukianza na vitongoji vilivyo zaidi ya kilomita 5 kutoka kituo chochote.

(f) Orodha ya vifaa vya kujifungulia isitajwe kama sharti la kuhudhuria, na itamkwe wazi ni kipi kituo kinatoa. Malipo ya ultrasaundi kwa wajawazito yaondolewe.

(g) Mabinti waulizwe maswali yao chumbani, mlango ukiwa umefungwa, na wauguzi wote wapewe nakala ya utaratibu wa kurudi shule.

(h) Sheria ndogo za faini kwa waliojifungulia nyumbani zisitishwe wakati Baraza likizipitia upya.

Kwa upande wetu, wahudumu wa jamii tuko tayari kuanza kazi ya (c) na (e) mara waraka utakapotoka: kuwaorodhesha wajawazito wote kitongoji kwa kitongoji pamoja na wiki zao, na kulinganisha orodha hizo na kitabu cha kituo kila mwisho wa mwezi. Wajumbe wa kamati tuko tayari kutia saini ya matumizi ya kila kichupa cha vijiti.

Tunaomba majibu ya maandishi kabla ya kikao kijacho cha Baraza la Madiwani, na nakala yake ibandikwe kwenye mbao za matangazo za zahanati zote. Ikiwa kuna ombi ambalo halitekelezeki, tunaomba litajwe kwa herufi yake na sababu yake.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wakunga wastaafu na wajumbe wa kamati za usimamizi wa vituo vya afya na zahanati za wilaya